Maji Magumu ya Dodoma

Maji huitwa magumu yanapobeba kalsiamu na magnesiamu nyingi kiasi cha kuinyima sabuni povu. Katika vitongoji vya Dodoma vinavyotegemea visima, hali hiyo haihitaji maabara ili ionekane. Sabuni ya mche husuguliwa hadi ikaisha, na kwenye beseni hubaki utando wa kijivu badala ya povu. Birika la umeme hushika ukoko mweupe, matundu ya bomba la mvua huziba, na glasi zilizooshwa vizuri zikikauka huwa na madoa. Sabuni ya unga hustahimili zaidi, kwa sababu watengenezaji huichanganya na kemikali za kuyashika madini hayo yasiiguse sabuni yenyewe.

Chanzo cha ugumu ni ardhi. Dodoma haina ziwa wala mto wa kudumu, hivyo kwa miongo mingi jiji limekunywa maji ya visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, yanayosukumwa kutoka Mzakwe na mamlaka ya maji, DUWASA. Mvua ya eneo hili ni kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili, na jua huirudisha hewani sehemu kubwa kabla haijazama. Ile inayozama huchukua kaboni dayoksaidi udongoni na kuwa tindikali hafifu, kisha hupenya taratibu katika nyufa za granaiti iliyochakaa, ikiyamumunya madini njiani. Watafiti wakiongozwa na Richard Taylor wa University College London walipitia kumbukumbu za miaka 55 za visima vya Makutupora na kuona kwamba hifadhi hiyo hujazwa na misimu michache tu ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Katikati ya misimu hiyo maji hukaa chini yakigusana na mwamba, na muda huo ndio unaoyapa madini.

Jua nalo hufanya kazi yake, kwani maji yanayokauka huyaacha madini nyuma. Upande wa magharibi, Mto Bubu unaishia katika mbuga ya Bahi bila kufika baharini, na udongo wa huko una chumvi. Kwa hiyo visima vya uwanda wa kati mara nyingi huwa na ugumu na chumvi kwa pamoja, ingawa ni mambo mawili: ladha ya chumvi hutokana na sodiamu na kloridi, na maji ya kisima yaweza kuwa magumu bila ulimi kulalamika.

Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja. Chini ya 60 maji ni laini. Yakipita 180 ni magumu sana. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu, maana madini hayo mawili mwili unayahitaji. Hofu ya mawe ya figo ni kubwa mitaani kuliko ushahidi wake. Mtu anayekunywa maji kidogo katika joto la Dodoma anajiweka kwenye hatari inayojulikana zaidi.

Hasara ya kweli iko jikoni na mfukoni. Hita yenye ukoko hula umeme mwingi kwa sababu joto hupita kwa shida. Chai huota utando juu. Maharage hukawia kuiva, kwani kalsiamu hukaza ganda lake, na hapo ndipo magadi yanapoingia sufuriani: huitoa kalsiamu majini na kulainisha ganda, japo vitamini B kadhaa hupotea.

Kuchemsha huondoa sehemu ya ugumu tu, ile iliyoshikana na bikaboneti, na ukoko wa birika ndiyo mabaki yake. Ukoko huo hutoka kwa siki au maji ya limau yaliyoachwa usiku kucha. Mashine za kubadilisha kalsiamu kwa sodiamu zipo, lakini zinadai chumvi na matunzo, na kwa nyumba nyingi mvua ni nafuu zaidi. Bati la mita za mraba 80 likipata milimita 500 hutoa lita 40,000. Hata robo ikipotea, maji laini ya kufulia hubaki mengi, mradi kuwe na simtanki na mvua ya kwanza imwagwe.

Mambo ya kuogopwa zaidi hayaonekani wala hayaonjwi. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016 makazi yametapakaa kwa kasi, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji. Nyumba nyingi mpya zina choo cha shimo na kisima katika kiwanja kimoja. Uchafu wa vyoo hupeleka naitreti chini. Hudson Nkotagu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika kuhusu tatizo hilo Dodoma mwaka 1996. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na wanaodhurika zaidi ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo. Floraidi nayo, inayojulikana sana Singida na kwingineko uwanda wa kati, huchafua meno na ikizidi hupinda mifupa. Kikomo cha kimataifa ni miligramu 1.5, lakini kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi 8 kwa maji ya vijijini kwa kukosa vyanzo vingine. Kuchemsha hakusaidii hapa: maji yakipungua, naitreti na floraidi huzidi kukolea.

Vimelea ndivyo vinavyouawa kwa moto au klorini. Maji ya bomba hutiwa klorini, ila mgao huweza kuiharibu kazi hiyo. Bomba likikauka, presha hushuka na maji machafu ya nje hunyonywa kupitia nyufa. Maji ya kwanza baada ya mgao yafaa kumwagwa au kutumika kudekia, na tangi lisilosafishwa huchafua hata maji yaliyokuja safi.

Mwenye kisima anaweza kupeleka sampuli katika maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Kwa madini, chupa safi iliyosuuzwa kwa maji yale yale inatosha. Kwa vimelea, chupa hutoka maabara ikiwa imetakaswa, na sampuli hufikishwa siku hiyo hiyo ikiwa kwenye barafu.