Kupunguza Kolesteroli kwa Chakula na Mwenendo wa Maisha

Mwongozo kwa kaya zinazozungumza Kiswahili nchini Uingereza

Watu wengi hupata habari ya kolesteroli yao kwa barua au kwa simu kutoka kituo cha afya, hali ya kuwa hawaumwi na chochote. Kolesteroli ya juu haina dalili. Haileti homa, haiumizi kichwa, wala haimzuii mtu kwenda kazini. Ndiyo maana swali la kwanza linaloulizwa nyumbani huwa ni hili: je, ni lazima kumeza vidonge maisha yote, au yatosha kubadili chakula na mwenendo?

Jibu fupi ni kwamba kwa baadhi ya watu mabadiliko ya maisha yanatosha, kwa wengine hayatoshi, na kwa wote yana faida. Kipeperushi hiki kinaeleza jinsi ya kuitambua tofauti hiyo pamoja na daktari, na mambo yanayoweza kuanza leo jikoni na nje ya nyumba.

Kolesteroli ni nini?

Kolesteroli, ambayo baadhi ya vitabu huiita lehemu, ni aina ya mafuta iliyomo katika damu na katika kila seli ya mwili. Sehemu yake kubwa hutengenezwa na ini, na mwili huihitaji ili kujenga seli na homoni. Madhara huja inapozidi. Kolesteroli inayobebwa na chembe ziitwazo LDL, yaani kolesteroli mbaya, huingia katika kuta za mishipa ya damu na kujikusanya humo kidogo kidogo kwa miaka mingi, mpaka njia ya damu ikawa nyembamba. Utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake na mshipa huweza kuziba ghafla. Ukiziba mshipa wa moyo, hutokea shambulio la moyo. Ukiziba wa ubongo, hutokea kiharusi. Chembe za HDL huichukua kolesteroli ya ziada na kuirudisha kwenye ini, ndipo zikaitwa kolesteroli nzuri.

Kuyasoma majibu ya kipimo

Nchini Uingereza kolesteroli hupimwa kwa milimoli katika kila lita ya damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, jumla inatakiwa iwe chini ya 5. HDL inatakiwa izidi 1.0 kwa mwanamume na 1.2 kwa mwanamke. Ukiitoa HDL katika jumla, inayobaki huitwa kolesteroli isiyo ya HDL, na hiyo inatakiwa iwe chini ya 4.

Namba hizi peke yake hazitoi hukumu. Daktari huziunganisha na umri, jinsia, shinikizo la damu, uvutaji wa sigara, kisukari, asili ya mtu na maradhi ya wazazi na ndugu zake. Kisha hukadiria uwezekano wa mtu huyo kupata shambulio la moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo. Makadirio yakifika asilimia 10 au zaidi, kwa kawaida dawa hupendekezwa pamoja na mabadiliko ya maisha. Yakiwa chini ya hapo, aghalabu huanzwa kwa mwenendo, ingawa mgonjwa anaweza kuzungumzia dawa pia.

Nchini England, watu wa umri wa miaka 40 hadi 74 ambao hawajawa na maradhi ya moyo, kisukari wala figo hualikwa kupimwa afya bila malipo kila baada ya miaka 5. Aliyefikia umri huo na hakuletewa barua anaweza kuuliza kwa daktari wake wa familia.

Mfano: kaka na dada

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha tofauti. Kaka ana miaka 52, ni dereva, havuti sigara, wala hana kisukari. Jumla ya kolesteroli yake ni 6.1 na HDL ni 1.1, hivyo isiyo ya HDL ni 5.0. Daktari amekadiria hatari yake kuwa asilimia 8. Wamekubaliana kwamba abadili chakula, atembee, kisha apimwe tena baada ya miezi 3.

Dada yake, anayeishi naye nyumba moja, alipata kiharusi kidogo mwaka uliopita na amepewa kidonge cha kila siku. Kwa sababu ya kidonge hicho, kolesteroli yake sasa ni ya chini kuliko ya kaka yake. Anapomwona kaka yake anaendelea vizuri bila dawa, anashawishika kuiacha yake. Hilo ni kosa, na ni kosa la hatari. Namba zake ni nzuri kwa sababu dawa inafanya kazi. Akiiacha, zitapanda tena bila dalili yoyote, na hatari ya kiharusi kingine itaongezeka. Chakula cha chungu kimoja kinawafaa wote wawili, lakini dawa ya mmoja haipimwi kwa hali ya mwenziwe.

Ni nani asiyeweza kutegemea mwenendo peke yake?

Dawa huhitajika kwa kawaida, hata chakula kikiwa kizuri, kwa watu wafuatao:

• waliokwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi;
• wenye maradhi sugu ya figo, na baadhi ya wenye kisukari;
• wenye kolesteroli ya kurithi.

Kolesteroli ya kurithi humpata takriban mtu 1 katika kila watu 250. Haitokani na ulaji, na mzazi mwenye nayo huweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Jumla inayozidi 7.5, au mzazi au ndugu wa damu aliyepata shambulio la moyo kabla ya kufika miaka 60, ni sababu ya kumwomba daktari achunguze.

Chungu cha nyumbani

Kinachopandisha LDL zaidi katika chakula ni mafuta mazito, yaani yale ambayo kwa kawaida huganda yanapopoa: mafuta ya nyama, siagi, samli na mafuta ya nazi. Kwenye pakiti za madukani huandikwa "saturates". Kiasi kinachoshauriwa Uingereza ni kisichozidi gramu 30 kwa siku kwa mwanamume na gramu 20 kwa mwanamke.

Kijiko kikubwa kimoja cha samli kina takriban gramu 9. Kopo la mililita 400 la tui zito la nazi huweza kuwa na gramu 50 hadi 60. Likipikiwa mchuzi wa watu wanne, kila sahani imebeba gramu 12 au zaidi kabla ya kuhesabu nyama, chapati na chai ya maziwa. Mafuta ya mawese nayo, karibu nusu yake ni mafuta mazito.

Hakuna haja ya kuyafukuza mapishi ya nyumbani. Yanayosaidia ni haya:

• Kupikia nusu kopo la tui na kulizimua kwa maji, au kutumia tui jepesi. Mchuzi wa nyanya, ukwaju na ndimu uchukue zamu katika siku nyingine za juma.
• Kupikia mafuta ya alizeti, ya zeituni au ya rapa badala ya samli, na kuyapima kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka chupani.
• Kuondoa ngozi ya kuku na mafuta ya nyama kabla ya kupika. Supu ikipoa, mafuta yaliyoganda juu yaenguliwe.
• Kuoka sambusa na kachori kwa kuzipaka mafuta kidogo, na kuyaacha mandazi na vitumbua yawe vya siku maalumu.
• Kutumia maziwa yaliyopunguzwa mafuta katika chai ya watu wazima.
• Kusoma rangi za pakiti. Nyekundu kwa mafuta mazito maana yake ni zaidi ya gramu 5 katika kila gramu 100. Kijani ni gramu 1.5 au pungufu.

Mayai na kamba wana kolesteroli, lakini kwa watu wengi hiyo huathiri damu kidogo kuliko mafuta mazito. Yai la kuchemsha si tatizo. Tatizo ni samli lililokaangiwa.

Kahawa nayo ina neno lake. Kahawa inayochemshwa pamoja na unga wake, kama ile ya dele, hubaki na mafuta ya buni yanayopandisha LDL. Anayekunywa vikombe vingi kila siku afadhali aichuje kwa karatasi ya chujio.

Vyakula vya kuongeza

Kupunguza peke yake hakutoshi. Nyuzinyuzi laini zilizomo katika oti, shayiri, maharage, kunde, choroko, dengu na mbaazi huishika kolesteroli tumboni na kuitoa nje. Gramu 3 kwa siku za nyuzinyuzi za oti, ziitwazo beta-glukani, zimethibitika kupunguza kolesteroli. Bakuli la uji lililopikwa kwa gramu 40 za oti hutoa zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Kunde au maharage mara kadhaa kwa juma badala ya nyama hufanya kazi mbili kwa pamoja: hupunguza mafuta mazito na kuongeza nyuzinyuzi. Samaki, mboga za majani, matunda, na kiganja cha karanga au lozi zisizotiwa chumvi vyote vina nafasi yake.

Kutembea, uzito na sigara

Mtu mzima anashauriwa kujishughulisha kwa dakika 150 kwa juma, kwa mwendo unaomfanya ahemewe kidogo lakini aweze kuzungumza. Ni sawa na nusu saa kwa siku 5. Anayefanya kazi ya kukaa anaweza kushuka basi vituo viwili kabla ya chake, au kutembea na jamaa baada ya chakula cha jioni. Kupunguza uzito uliozidi, hata kwa kilo chache, husaidia. Kuacha sigara na shisha hupunguza hatari ya moyo kuliko badiliko lolote la jikoni, na vituo vya afya hutoa msaada wa bure kwa anayetaka kuacha.

Jaribio la miezi mitatu

Mabadiliko yasiyopimwa hayajulikani kama yamefaulu. Ni vyema kukubaliana na daktari tarehe ya kipimo cha pili, kuandika mambo mawili au matatu yatakayobadilishwa, na kuwashirikisha wapishi wa nyumba. Mgonjwa anayepikiwa chungu chake peke yake huchoka upesi. Nyumba nzima ikila chakula kimoja, mabadiliko hudumu.

Kaka katika mfano wetu, akifika jumla ya 5.3 na HDL ya 1.2, isiyo ya HDL itakuwa imeshuka kutoka 5.0 hadi 4.1. Hayo ni mafanikio, na daktari anaweza kumshauri aendelee. Asiposhuka, hajashindwa. Ini lake hutengeneza kolesteroli nyingi, na dawa ndiyo hatua inayofuata.

Dawa inapohitajika

Dawa zinazotumika zaidi huitwa statini. Huzuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi, na katika vipimo vya kawaida huweza kuipunguza LDL kwa zaidi ya asilimia 40, kiwango ambacho chakula peke yake hakikifikii kwa watu wengi.

• Anayepata maumivu ya misuli amweleze daktari badala ya kuacha kimya kimya. Kipimo hupunguzwa au aina hubadilishwa. Maumivu makali yenye mkojo mweusi yahitaji msaada siku hiyo hiyo.
• Statini hazitumiwi katika ujauzito. Mwanamke anayetarajia kushika mimba azungumze na daktari mapema.
• Humezwa mara moja kwa siku, hivyo katika Ramadhani yaweza kumezwa baada ya futari. Kufunga si sababu ya kuiacha.
• Juisi ya balungi haipatani na baadhi ya statini.
• Kitunguu saumu, habasoda, mdalasini na maji ya ndimu si badala ya dawa. Anayevitumia kama tiba amjulishe mfamasia.
• Anayetaka kujua kama kidonge kina kitu kitokanacho na mnyama amwulize mfamasia kabla ya kukiacha.

Msaada

Mkalimani wa Kiswahili hutolewa bila malipo katika huduma za NHS. Aombwe wakati wa kuweka miadi. Haifai kumtumia mtoto kuwa mkalimani.

Piga 999 mara moja iwapo mtu amepata maumivu au mbano wa kifua usiokwisha, au uso umelegea upande mmoja, mkono hauinuki, au maneno hayatamkiki. Katika hali hiyo kila dakika ina thamani, na hakuna haja ya kungoja kituo cha afya kifunguliwe.