Mmisionari Mpangaji: Kusoma Shajara ya Clara Whitney

Katika semina zetu za fasihi tumezoea kumsoma mmisionari kwa namna moja tu. Anashuka kutoka melini na Biblia mkononi, nyuma yake yuko mfanyabiashara, na nyuma ya mfanyabiashara yuko askari. Mimi mwenyewe nimekwisha kuandika insha mbili za namna hiyo na zote mbili zilipata alama nzuri. Si kwamba picha hiyo ni ya uongo. Kwa historia yetu ina ukweli mwingi sana. Ila tukiigeuza kuwa kipimo cha kila maandishi inatupofusha. Makala haya yanakusudia kueleza maandishi ambayo kipimo hicho hakiyatoshi: shajara ya Clara Whitney, msichana wa Kimarekani aliyefika Japani mwaka 1875. Nitashughulika zaidi na mambo madogo madogo ya nyumbani na kanisani, maana hoja yenyewe imejificha humo.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Agosti 1875 walifika baba William, mama Anna, kaka Willis, Clara ambaye alikuwa hajatimiza miaka 15, na mdogo wao Adelaide. Kwenye karatasi hawakuwa wamisionari. Baba aliitwa na Mori Arinori, mwanadiplomasia aliyetaka vijana wa Japani wafundishwe biashara na uwekaji hesabu kwa mtindo wa Magharibi. Shule hiyo ndiyo baadaye ikawa Chuo Kikuu cha Hitotsubashi. Lakini mama alikuwa mcha Mungu kwelikweli, na kwake yeye safari ile ilikuwa ya Injili. Baba aliajiriwa kufundisha hesabu, mama akajiajiri mwenyewe kufundisha Biblia, na sebule ya nyumba ikawa nusu kanisa.

Mara walipofika, mambo yakaharibika. Mipango ya shule haikuwa tayari na fedha walizotegemea hazikuwepo. Aliyewaokoa ni Katsu Kaishu. Huyu bwana si mtu wa kupita: mwaka 1860 ndiye aliyekuwa nahodha wa Kanrin Maru, meli ya Kijapani iliyovuka bahari ya Pasifiki hadi San Francisco, na mwaka 1868 ndiye aliyezungumza na majeshi ya Mfalme hata mji wa Edo, yaani Tokyo ya leo, ukakabidhiwa bila kuteketezwa. Alitoa fedha kuwasaidia wageni hawa, na baadaye wakahamia kuishi katika kiwanja chake mwenyewe, mtaa wa Akasaka.

Hebu msomaji asimame hapo kidogo. Katika riwaya tulizozisoma, mmisionari ndiye mwenye kiwanja, na mwenyeji ndiye anayekuja kupiga hodi, mara nyingi kwa mlango wa nyuma. Hapa mmisionari ndiye mpangaji. Anamhubiria nani? Anamhubiria mwenye nyumba. Na mwenye nyumba anasikiliza kwa adabu, analeta zawadi, kisha anarudi kwake kwa miguu, ng'ambo ya bustani.

Hali hii haikuwa ya kawaida hata kwa Wazungu wa Tokyo. Kwa mujibu wa mikataba ya wakati ule, wageni walitakiwa kukaa Tsukiji, eneo lililotengwa kwa ajili yao kuanzia 1869. Wamisionari wengi walijenga huko nyumba, shule na makanisa, wakawa na kijiji chao cha Kizungu ndani ya mji wa Kijapani. Mgeni aliyeajiriwa na Wajapani ndiye aliyeweza kupewa ruhusa ya kuishi nje ya eneo hilo. Kwa hiyo kazi ya baba, ile iliyowaletea dhiki, ndiyo iliyompa Clara majirani Wajapani. Angekulia Tsukiji tu, naamini shajara yake ingekuwa kitabu kingine kabisa, na pengine nisingekuwa na haja ya kuandika makala haya.

Sasa tuje kwenye Jumapili. Kwetu sisi Jumapili ni Jumapili, hatuifikirii. Japani iliingia kwenye kalenda ya Magharibi Januari 1873, lakini siku za mapumziko za serikali zilibaki zile zenye tarehe za moja na sita: tarehe 1, 6, 11, 16 na kuendelea. Jumapili ilifanywa mapumziko rasmi Aprili 1876. Maana yake ni kwamba Whitney walipofika, karani wa serikali aliyetaka kwenda kanisani alikuwa akiiba saa za kazi. Familia inayofunga shughuli zake zote siku ambayo mtaa mzima unafanya kazi inafanya tendo la ajabu mbele ya majirani. Ni ibada, ndiyo, lakini vilevile ni kama tamthilia: jukwaa ni nyumba, watazamaji ni mtaa. Na tusisahau kwamba mbao za serikali zilizotangaza marufuku ya Ukristo ziliondolewa barabarani mwaka 1873 tu, miaka miwili kabla ya wao kufika. Aliyekuja kusikiliza Biblia sebuleni kwa mama Anna alikuwa bado anaikumbuka mbao ile.

Na Biblia yenyewe ilikuwa ya lugha gani? Agano Jipya zima kwa Kijapani lilitoka 1880, na Agano la Kale likafuata miaka kadhaa baadaye. Kabla ya hapo kulikuwa na vitabu vichache vilivyotafsiriwa, na wanaume wasomi waliweza kutumia Biblia ya Kichina. Wanawake wengi hawakusoma Kichina. Kwa hiyo mwanamke wa Kijapani alilipata Neno kwa mdomo, kwa Kijapani cha kubahatisha cha mgeni. Hata jina la Mungu lilikuwa na utata: wafasiri wa Kiprotestanti walichukua neno "kami", ambalo ndilo linaloitwa kila chenye uungu katika mahekalu ya Kishinto. Sisi wa pwani tunaweza kuelewa. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alilikuta neno Mungu limekwisha kukaa vinywani mwa Waislamu, na Wakristo wakalitumia hilohilo. Neno la kuazima huja na wenyewe.

Nyumbani ndiko kwenye utamu zaidi. Mgeni anavua viatu mlangoni au anaingia navyo? Anakalishwa kwenye kiti au kwenye mkeka wa tatami? Zawadi iliyoletwa inarudishwa kwa zawadi ya kiasi gani, na baada ya siku ngapi? Mwaka Mpya unapofika, nyumba ipi itangulie kutembelewa? Kila swali kati ya haya ni dogo, na kila moja lina jibu ambalo mtoto wa miaka sita wa Kijapani analijua na binti Mmarekani aliyesoma halijui. Aliyekuja kufundisha anageuka mwanafunzi. Itsu, binti wa Katsu, alikuwa rafiki wa Clara, na kwa watu kama yeye ndiko Clara alikosomea. Mafundisho yalikwenda pande zote mbili: mwaka 1885 kilitoka kwa Kijapani kitabu cha Clara cha mapishi ya Kizungu. Wahakiki wa dini hawakijali, lakini mimi nakiona ni ndugu wa shajara. Vyote viwili vimetoka jikoni na sebuleni.

Kifani, shajara inatunufaisha kwa sababu haina mpango. Mwandishi wa riwaya anajua mwisho. Mwandishi wa shajara hajui hata kesho. Katika kurasa za mwanzo Clara anahukumu haraka, na neno analolipenda ni lile ambalo ningelifasiri "wapagani". Kadiri miaka inavyokwenda watu wanapata majina, na neno lile linapungua nguvu. Hakuna ukurasa anaposema "leo nimebadilika". Msomaji ndiye anayegundua. Wale wanaoshikilia kwamba shajara si fasihi kwa kuwa haina msuko wangepaswa kueleza badiliko hili tuliiteje. Hata hivyo tusimtakase. Kalamu yote iko mkononi mwake. Katsu na Itsu tunawaona kwa macho yake tu, na toleo la Kiingereza la 1979 ni uteuzi wa wahariri.

Kuna jambo moja gumu ambalo sitaki kulikwepa. Katsu, kama wakubwa wengi wa enzi ile, alikuwa na watoto kwa wanawake zaidi ya mke wake. Kwa mafundisho ya mama Anna hiyo ilikuwa dhambi isiyo na mjadala. Na huyo ndiye aliyewapa mahali pa kulala. Utamkemea vipi mwenye paa? Utamnyamazia vipi, ukiwa umevuka bahari kwa ajili ya kusema? Baba William alifariki London mwaka 1882, mama akafariki Tokyo 1883 na kuzikwa Aoyama. Mwaka 1886, mwaka uleule Willis aliyekuwa daktari alipoanzisha hospitali Akasaka, Clara aliolewa na Umetaro, mtoto ambaye Katsu alimzaa nje ya ndoa na mwanamke wa Nagasaki. Walipata watoto sita. Katsu alifariki 1899, na mwaka uliofuata Clara akarudi Marekani na watoto bila mume.

Shajara ilichapishwa kwanza kwa tafsiri ya Kijapani, mwaka 1976, miaka mitatu kabla ya Kiingereza ilichoandikiwa. Mwaka 1996 tafsiri hiyo ilitolewa tena kwa jina jipya, na jina hilo linamtambulisha Clara kama mkwe wa Katsu Kaishu. Jina la ukoo wa baba yake halimo.