Bweni na Sinagogi Chini ya Mlima Elgon

Mzazi Mwislamu aishiye katika nchi ya majani ya chai, Kericho au Bomet, hujiuliza swali moja anapomfungia mwanawe sanduku la kwenda bweni: je, atarejea na dini yake? Shule nyingi za huko zilichipuka katika vituo vya misheni, kama Litein na Tenwek, na ibada za kanisa zimekuwa sehemu ya malezi yake.

Swali hilo liliwasumbua pia Abayudaya, Mayahudi wa Uganda wanaoishi kandokando ya mji wa Mbale, ng'ambo ya mpaka wetu wa magharibi. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza nchi za mashariki, kisha akafarakana nao. Mwaka 1919, baada ya kuizingatia Taurati, alijitahiri yeye na wanawe, akauacha Ukristo. Alifariki mwaka 1928.

Elimu wakati huo ilikuwa mikononi mwa misheni, na wapo watoto wa Kiyahudi waliobatizwa ili wapate kusoma. Kisha Idi Amin akaipiga marufuku dini yao, wakawa wanasali kwa siri hadi utawala wake ulipoanguka mwaka 1979.

Ndipo vijana wao wakaanza upya juu ya kilima cha Nabugoye, penye sinagogi yao. Baadaye zikasimama shule mbili: Hadassah ya msingi, na Semei Kakungulu ya sekondari, yenye bweni. Sinagogi mpya, kubwa zaidi, ilifunguliwa kilimani hapo mwaka 2016.

Waliokwisha kuonja uchungu wa kunyimwa wangeweza kujifungia na watoto wao peke yao. Hawakufanya hivyo. Shule zao husomesha watoto wa Kiyahudi, wa Kiislamu na wa Kikristo. Wazazi nao wameshirikiana: mwaka 2004 wakulima wa dini hizo tatu waliunda ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Ndugu mzazi, kabla ya kulipa karo, muulize mwalimu mkuu kuhusu mahali pa kuswali, chakula, mavazi na saumu ya Ramadhani. Kisha tujiulize sisi wenyewe: mtoto asiye Mwislamu anayesoma katika shule zetu za pwani hupata nafasi gani ya ibada yake? Haki tunayomtakia mwanetu huko Kericho, na tusimnyime mwana wa mwenzetu hapa.