Kifaa cha Kuonyesha Njia: Simu Yatosha?

Familia nyingi za Pasiansi husafiri na gari lililojaa watoto na wazee hadi Geita, Bukoba au Dar es Salaam, na swali linalotufikia ni hili: tununue kifaa maalumu cha GPS, au simu yatosha?

Ishara ya GPS hutoka kwenye setilaiti, wala haihitaji bando. Kinachohitaji intaneti ni ramani. Basi mwenye simu apakue ramani ya njia nzima angali nyumbani, na mtandao ukikatika ataendelea kuongozwa.

Baadhi ya vifaa maalumu hupokea kimo na uzito wa gari kabla ya kuchagua njia. Mwenye Kosta yenye mizigo juu atanufaika navyo. Mwenye gari dogo, kwa maoni yetu, fedha hiyo aitie mafuta.

Ramani iliyochakaa ni hasara, hata kifaa kikiwa ghali. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 19, 2025. Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji atafute njia ya kwenda Busisi. Kifaa kikiwapakia kwenye kivuko cha Kigongo, ramani yake ni ya zamani. Ulizeni kama husasishwa bure.

Hata ramani mpya yaweza kuwapeleka kivuko cha Kamanga, kwa kuwa ni karibu. Anayemsafirisha mgonjwa usiku aweke mapema mpangilio wa kukwepa vivuko, apitie Usagara hadi darajani.