Fedha si hoja: vyombo saba vya ndoto kwa mfanyabiashara wa mpakani

KAMPALA, Uganda

Jioni ikiingia Arua Park, malori ya kwenda Arua, Elegu na Juba huwa bado yanapakiwa. Sabuni, mabati, magodoro na unga wa ngano hupanda juu, na mwenye mzigo hana la kufanya ila kusubiri. Wanaosubiri hupiga soga, na soga moja haiwachoshi: kama ungekuwa na gereji kubwa na fedha si hoja, ungeegesha magari gani ndani yake?

Mmoja hutaja Mercedes, mwingine Range Rover, na kijana hakosi kutaja Ferrari aliyoiona kwenye simu. Kisha mzee mmoja huuliza: hiyo Ferrari itapitaje njia ya Kasindi wakati wa mvua, na spea zake utazipata Kisekka? Watu hucheka, mchezo ukaanza upya, safari hii kwa dhati.

Makala haya yanaucheza mchezo huo hadi mwisho. Tumechagua vyombo saba kwa mfanyabiashara wa Kampala anayevuka mipaka, na bei tumeiweka kando kabisa. Tulichokutana nacho ni hiki: hata ukiwa na fedha za kumwaga, si wewe peke yako unayechagua. Mpaka nao unachagua.

1. Pikipiki

Gereji ya mtu wa mpakani haiwezi kukosa boda boda, kwa sababu jina lenyewe lilizaliwa mpakani. Katika miaka ya 1960, upande wa Busia, vijana wa baiskeli zenye kiti cha nyuma walibeba wasafiri na mizigo kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya. Baiskeli zilikuja kuwa pikipiki, na jina likasambaa Afrika Mashariki yote.

Tungeegesha mbili. Ya kwanza ni Bajaj Boxer, ambayo fundi wa kijiji chochote anaijua. Ya pili ni ya umeme kwa kazi za mjini Kampala, ambako betri iliyokwisha hubadilishwa kituoni badala ya kungoja ichajiwe.

Mzigo wa pikipiki unaingia vizuri katika utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa zilizo kwenye orodha, zenye asili ya nchi wanachama na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupata cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Wengi hulipa kwa kutojua hilo, au hupita njia za panya na kupoteza mzigo wote. Lakini tusidanganyane: msamaha huo haufuti kodi za ndani wala vibali vya afya ya mimea na mifugo.

2. Toyota Probox

Hili ni gari lisilo na majivuno. Toyota walilianzisha Japani mwaka 2002 kama gari la kazi, na Kenya limejulikana kwa kubeba miraa kwa kasi inayotisha. Viti vya nyuma vikilazwa, hubeba mzigo ambao gari la kifahari la bei mara kumi haliwezi kuubeba.

Tatizo lake si injini bali mwaka lilipoundwa. Kenya haipokei gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, mlango unafungwa kwenye miaka 15, na gari lililozeeka kabla ya hapo hutozwa tozo ya mazingira. Tanzania haikuweka ukomo, lakini gari kuukuu hulipishwa ushuru wa uchakavu.

Matokeo yake ni haya. Probox mbili za umri wa miaka 12 zinaweza kushuka kutoka meli moja bandarini Mombasa. Ya Mkenya inakataliwa. Ya Mganda inavuka Kenya nzima na kuingia Kampala kihalali. Siku Mganda huyo akitaka kumuuzia jamaa yake wa Busia ya Kenya, ng'ambo tu ya lango, biashara hiyo haipo. Forodha ni moja, lakini soko la magari si moja.

3. Fuso

Mfanyabiashara wa nafaka akiambiwa achague lori moja, wengi watasema Fuso. Ndilo linaloingia hadi shambani, likapakia mahindi au maharagwe, na kutoka bila kuhitaji lami.

Kwa kuwa fedha si hoja, yetu ingekuwa na turubai lisilovuja, chaga za mbao za kuinua magunia kutoka sakafuni, na kipimo cha unyevu kwenye kabati la dereva. Hicho kipimo ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani, na ingawa zuio liliondolewa baada ya siku chache, masharti ya vyeti yakabaki.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi mabichi yakifungwa ndani ya turubai kwa siku mbili au tatu za foleni, kuvu hupata joto na maji inayohitaji. Mwenye Fuso nzuri asiyepima mzigo wake kabla ya kupakia amenunua njia ya kufikisha hasara haraka.

4. Trela

Hapa ndipo mfanyabiashara anapokuwa tajiri, au anapofilisika. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni kilomita zipatazo 1,170, na kichwa cha lori chenye nguvu kinaweza kuvuta mzigo mkubwa kuliko sheria inavyokubali. Kwa hiyo usinunue nguvu usizoruhusiwa kuzitumia. Sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito inaweka kikomo cha tani 56, gari na mzigo kwa pamoja, na ekseli zisizozidi saba.

Mizani zipo njia nzima: Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye upande wa Kenya, kisha Busitema na Magamaga upande wa Uganda. Kila ekseli hupimwa, si jumla peke yake. Lori lenye uzito halali linaweza kupatikana na kosa kwa sababu tu utingo alirundika saruji nyuma. Dereva anayejua kupanga mzigo ni wa thamani kuliko injini.

Trela la ndoto tungeliandaa pia kwa rakili ya kielektroniki. Tangu mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa zikifuatilia mizigo ya kupita kwa mfumo wa pamoja, na ofisa aliye Kampala anaona lori lililosimama Nakuru. Kwa mwenye mzigo halali hiyo ni nafuu, maana hahitaji tena kulipia msindikizaji.

5. Land Cruiser, na nyingine tena

Kwa biashara ya Kongo hatukuwa na mjadala: Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ya umbo la sanduku ambayo Toyota wameiunda tangu mwaka 1984. Juni 2021 marais Yoweri Museveni na Félix Tshisekedi walizindua pale Mpondwe mradi wa barabara za kilomita 223: Kasindi hadi Beni, Beni hadi Butembo, na Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru. Njia hizo zimekuwa mikononi mwa matope na bunduki kwa miaka mingi, na gari la kuzipita lazima litengenezeke kwa nyundo na spana.

Swali gumu ni usukani. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia huendesha kulia. Jumuiya yenye wanachama wanane imegawanyika watatu kwa watano. Gari la Kampala linaweza kusafiri hadi Kigali na kurudi, lakini Rwanda haisajili gari dogo la usukani wa kulia, kwa hiyo huwezi kuliuza huko. Nalo la Kigali, dereva akitaka kulipita trela katika barabara ya Masaka, lazima amuulize abiria kama mbele kuna usalama.

Tajiri wa ndoto atasema: nipeni mbili, moja ya usukani wa kulia na nyingine wa kushoto. Sawa. Lakini atakuwa amelipa mara mbili kazi ya gari moja. Mfanyabiashara wa kawaida hawezi, kwa hiyo hushusha mzigo mpakani na kukodi gari la upande wa pili, na gharama hiyo huishia kwenye bei ya sukari ya mama wa Goma.

6. Basi la Kayoola

Gereji ya Kampala isiyo na gari la Kampala ingekuwa aibu. Mwaka 2011 wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha Kiira EV, gari dogo la umeme la watu wawili. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola lenye paneli za jua, na kampuni ya Kiira Motors ikajenga kiwanda Jinja.

Kayoola EVS ya umeme hubeba watu 90, na watengenezaji wake wanataja kilomita 300 kwa chaji moja. Kampala hadi Busia ni takriban kilomita 200. Maana yake basi litafika na abiria na vifurushi vyao, lakini halitarudi mpaka lipate pa kuchaji. Fedha zetu zote za ndoto zingenunua basi hilo leo, kisha lingelala Busia likingoja nyaya. Hata hivyo tunalichukua, kwa sababu bidhaa ya Jumuiya inayokidhi kanuni za uasili haitozwi ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya. Hilo Japani haiwezi kutupa.

7. Datsun 240Z

La mwisho ni la moyo. Halibebi gunia hata moja.

Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakajulikana kama East African Safari. Mwaka 1973 mshindi alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiendesha Datsun 240Z. Alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden, na kanuni za kuvunja sare zikampa yeye ushindi. Mwaka mmoja kabla, Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia, na Mehta akafanya makao yake Kenya. Alishinda tena mfululizo kuanzia mwaka 1979 hadi 1982.

Safari ilikuja kubaki Kenya peke yake. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mkataba wa kuifufua ulitiwa saini Novemba 1999. Ndiyo maana gari hili linastahili nafasi: linatukumbusha kwamba kulikuwa na siku ambapo magari yalivuka nchi tatu yakishindana na saa, si na mihuri.

Kabla ya kununua la kweli

Tukirudi kutoka ndotoni, mchezo huu una faida kwa anayepanga kununua kwa mkopo au kwa mchango wa chama. Uliza kwanza gari litavuka mipaka ipi, ndipo uulize bei. Hesabu umri wake leo na miaka mitano ijayo, maana utalazimika kuliuza, na mnunuzi anaweza kuwa upande wa pili. Pima uzito wa gari tupu, ujue limebakiza tani ngapi kabla ya kufika mizani. Hakikisha lina kadi ya manjano ya COMESA. Bima hiyo hukubaliwa hata Tanzania, ingawa Tanzania si mwanachama wa COMESA. Na kila shilingi iandike: mali bila daftari huisha bila habari.

Yaliyobaki hayamo mikononi mwa mfanyabiashara. Vituo vya pamoja vya Mutukula na Busia, vilivyozinduliwa mwaka 2017 na 2018, vimeonyesha kwamba serikali zikikaa meza moja foleni hupungua. Umri wa magari, usajili wa magari ya usukani tofauti na chaji za umeme barabarani vinangoja meza hiyo hiyo. Mtu wa Arua Park hajaomba Ferrari. Anaomba lile Fuso alilonalo likubalike sawasawa Elegu, Mpondwe na Busia.