Baraka: Ma-PDG wengi, funguo mkononi mwa mmoja

Mjini Baraka, kwenye Ziwa Tanganyika upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukiwa na depo mbili na pikipiki ya kubebea mizigo, vijana wa ufukweni watakuita PDG, yaani mkurugenzi mkuu. Cheo hicho hakidai bodi wala mkutano wa wanahisa. Kinadai falanga mfukoni na watu wawili watatu wanaokungoja asubuhi. Kwa hiyo swali la nani anafaa kukaa juu ya kampuni halihusu vyuo tu huku. Patroni akiyumba, wavuvi hawalipwi, wabebaji wanakaa bure na bei ya ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni inachezacheza.

Mama mmoja, mnunuzi wa jumla anayepeleka ndagala kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Misisi, ana malalamiko yake na hayaishi. Depo yake inaendeshwa na mpwa wake, kijana aliyesoma, anayejua hesabu. Lakini hathubutu kununua hata beseni moja bila kumpigia shangazi simu. Usiku wa giza taa zinapowashwa ziwani, ekipe za wavuvi hurudi alfajiri, na bei hukatwa kabla jua halijapanda. Siku mama yuko safarini na mtandao umekata, kijana husimama na kaye yake ya hesabu kwapani akitazama wanunuzi wa mji wa Uvira wakibeba mzigo. Vijana wa siku hizi, mama anasema, hawana moyo wa kazi.

Ukimwacha aendelee, hata hivyo, linatoka jingine. Msimu mmoja wa mvua kijana alinunua kwa akili yake. Jua likagoma siku mbili, ndagala zikaoza mchangani, na shangazi akamfokea mbele ya wabebaji. Tangu siku hiyo hakuamua kitu tena. Mama anaisimulia habari hii kama kosa la mpwa. Mwandishi aliisikia vingine: hasara ya mabeseni yale ilikwisha zamani, ila hasara ya kufokewa inalipwa kila alfajiri.

Serikalini dawa inayotajwa ni karatasi. Ofisa mmoja anayeshughulikia biashara ndogo anasema jitihada za kuwaandikisha wafanyabiashara na kuwapa semina za uongozi zinazaa matunda, na ushahidi wake ni faili zilizofunguliwa. Faili, tunazijua, hazilipi mshahara. Alipoulizwa kampuni ngapi kati ya hizo bado zina karani baada ya mwaka wa pili, alirudi kwenye faili.

Si kwamba sheria haina maana. Kongo iliingia katika sheria za biashara za OHADA, zinazotumiwa na nchi kadhaa za Afrika, mwaka 2012, na SARL (kampuni ya dhima yenye kikomo), hata ya mtu mmoja, inatakiwa kuwa na meneja anayejulikana na hesabu za kila mwaka zinazopitishwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Mwenyewe akifa, kampuni kwa kawaida haifi naye. Hisa huenda kwa warithi. Kwa mji ambao tumezoea kuona duka likigawanywa pamoja na viti vya matanga, hilo si jambo dogo. Lakini mama wa ndagala ana jibu lake: semina zinafundisha maono na mipango, hakuna inayofundisha namna ya kumnyima shemeji anayekuja kukopa kwenye kasha la depo. Na ukishapata karatasi, anaongeza, wanaokuja kutoza huongezeka, huku bariera za barabara ya Uvira zikibaki palepale.

Mwaka 2025 ulizidi kuwabana wakubwa hawa. Mji wa Bukavu ulipotekwa na waasi Februari, benki za huko zilifunga milango, na waliozoea kulipana kupitia mji huo wakabaki na simu na fedha taslimu. Aliyekuwa na mtu wa kumwamini Kigoma, ng'ambo ya ziwa, aliendelea kupata sabuni na saruji. Aliyekuwa akifanya yote peke yake alisimama.

Ajabu ni kwamba mfano mzuri haumo katika makampuni. Umo katika AVEC, vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo wake wengi wa patroni hawa wamo. Kasha lao lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Mwenyekiti hupigiwa kura, na hesabu husomwa mbele ya wote. Anayechelewa kurudisha mkopo anajulikana, awe shemeji au nani.

Mbele hapajulikani. Nchi nne za Ziwa Tanganyika zilikubaliana kupumzisha uvuvi miezi 3, na Tanzania ilifunga upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Katika miezi kama hiyo patroni mwenye akiba huendelea kulisha ekipe yake ili asiipoteze. Wengine huona wavuvi wao wakihamia kwingine. Barabara ikitulia na falanga ikikaa sawa, huenda depo zikaongezeka. Kama zitakuwa na viongozi zaidi ya mmoja kila moja, hakuna anayethubutu kuahidi.

Mama wa ndagala anasema mwaka huu atampa mpwa wake madaraka ya kununua. Kufuli ya depo yake iliuzwa na funguo mbili. Siku tuliyozungumza, zote mbili zilikuwa zimefungwa kwenye ncha ya kitenge chake.