MWIMBAJI, USIUMIZE KOO: JIFUNZE KUIMBA

Mara nyingi ukurasa wa afya huzungumzia malaria, vyoo na maji ya kunywa. Leo tuzungumze juu ya sauti. Mwalimu, mwinjilisti, dalali wa mnada wa ng'ombe na mpiga litungu, wote hula kwa sauti zao. Sauti ikiharibika, chakula cha nyumbani nacho hupungua.

Kijana mmoja wa hapa Gorong'a alifika zahanati. Yeye ni mpiga litungu. Kila mwisho wa juma huitwa kwenye harusi, akaimba tangu jioni hadi alfajiri.

"Daktari, sauti imekufa," aliniambia kwa kunong'ona.

Alikuwa amepwelewa na sauti kwa mwezi mzima. Alikwisha kunywa mayai mabichi, na rafiki zake walikuwa wakimshauri anywe mafuta ya taa. Nilimpa dawa za koo mara mbili, zisimsaidie. Nakiri kosa langu: nilitibu koo bila kumwuliza anaimbaje.

Tuelewe sauti inavyotoka. Ndani ya kikoromeo, pale panapotokeza mbele ya shingo, kuna nyuzi mbili za sauti. Si nyuzi kama zile nane za litungu, bali ni mikunjo midogo ya nyama laini. Pumzi ikitoka mapafuni huifanya igongane. Mwanamume akizungumza, hugongana mara 100 na zaidi kwa sekunde moja. Ya mwanamke mara 200 hivi. Mtu akikaza shingo na kulazimisha sauti, nyuzi hizo huvimba. Akiendelea hivyo, huota vinundu, kama sugu katika kiganja cha mkulima. Dawa ya kuua vijidudu haiondoi sugu. Mayai nayo hayafiki pale, kwa sababu chakula kina njia yake. Mafuta ya taa ni sumu: yakiingia mapafuni huweza kuua.

Kijana yule alipelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza. Wataalamu walimtazama kooni, wakaona vinundu vidogo. Walimwambia apumzishe sauti, kisha ajifunze kuitumia vizuri.

Aliporudi alimwendea mwalimu mstaafu aliyefundisha kwaya kwa miaka mingi, akaomba kujiunga na kwaya. Mzee akakataa.

"Mura, katika kwaya utajificha nyuma ya wenzako. Njoo peke yako."

Mzee alisema kweli. Waimbaji 30 wakiimba pamoja, nani atamwona mmoja anayekaza shingo? Hata yeye mwenyewe hajisikii, hivyo huzidisha kelele. Akiwa peke yake na mwalimu, kosa lake huonekana mara moja.

Alifundishwa mara mbili kwa juma, nusu saa kila siku. Haya ndiyo aliyojifunza:

1. Kusimama wima, mabega na taya vikiwa vimelegea.

2. Kuvuta pumzi hadi mbavu za chini zitanuke. Mabega yasipande.

3. Kupasha sauti moto kabla ya kuimba: kuguna "mmm" midomo ikiwa imefumbwa, au kutetemesha midomo kama mtoto anayeiga gari.

4. Kutopanda juu kuliko sauti yake inavyoweza. Wimbo ukiwa juu mno, alegeze nyuzi za litungu, asikaze za koo.

5. Kunywa maji mara kwa mara, kuacha sigara, na kupumzika kati ya nyimbo.

6. Koo likiuma, anyamaze. Kunong'ona kwa nguvu nako huchosha koo.

Baada ya miezi minne sauti ilirudi. Harusi kadhaa zilimpita, na fedha zake zikaenda. Siku hizi anaimba tena, lakini ikifika saa sita ya usiku humwachia mwenzake litungu.

Kufundishwa si aibu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akawa muuza vyungu. Alipohamia mjini mwaka 1911, Ali Muhsin alisikia sauti yake, akamfundisha kuimba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Sauti alizaliwa nayo, lakini alikubali kuwa mwanafunzi.

Viongozi wa kwaya na ngoma, tengeni dakika kumi kumsikiliza kila mwimbaji akiwa peke yake. Mtazameni shingo na mabega. Mwulizeni kama anaumia.

Na wewe msomaji, sauti ikikauka kwa zaidi ya majuma matatu, nenda hospitali ukatazamwe koo, hata kama wewe si mwimbaji. Huenda ni vinundu, huenda ni saratani, nayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi. Ukikohoa majuma mawili au zaidi, pimwa kifua kikuu. Matibabu yake hayalipiwi.

Ukishindwa kumwendea daktari kwa miguu wakati ni mapema, utapelekwa kwa kubebwa.